Camaro au Mustang: usukani uliohamishwa utajwe kwenye tangazo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo mwaka huu limenijia gereji mara tano, kila mara likiletwa na kijana aliyeshika simu yenye picha mbili za magari, na kila mara swali likiwa lilelile: kati ya Chevrolet Camaro na Ford Mustang iliyotumika, ipi inunuliwe na mtu mwenye fedha za gari moja tu, ambaye akikosea hana nyingine za kurekebishia kosa. Mimi ni fundi wa magari hapa Nyakato, Mwanza, na huu ni mwaka wangu wa 23 katika kazi hii. Nimeona afadhali nijibu hadharani, kwa sababu jibu langu lina sehemu inayowahusu wauzaji wa magari na magazeti yanayochapisha matangazo yao, si wanunuzi peke yao.

Wa mwisho kuja alikuwa mpwa wangu, anayefuga sato kwenye vizimba upande wa Igombe. Mavuno ya mwaka huu yalimwendea vizuri, akalipa madeni ya chakula cha samaki, akatenga ada za watoto, na kilichobaki akaamua kukitumia kwa hamu aliyokuwa nayo tangu akiwa darasa la saba, yaani gari la michezo la Kimarekani. Sioni ubaya katika hamu hiyo. Mtu anayelala kwenye mtumbwi akilinda vizimba vyake, mvua ya ziwani ikimshukia usiku kucha, ana haki ya kununua kitu kinachomfurahisha. "Mjomba," aliniambia, "hii ni pesa ya kununua mara moja. Wewe ndiye utakayenishika mkono."

Picha ya kwanza ilikuwa ya Camaro ya 2016, injini ya silinda nne ya lita 2.0 yenye tabo (kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi), rangi nyekundu, ikiwa tayari kwenye yadi na kodi zake zikiwa zimelipwa. Ya pili ilikuwa ya Mustang ya 2019, silinda nne za lita 2.3, nayo ya tabo, ikiwa bado Uingereza. Ukijumlisha nauli ya meli na kodi za bandarini, Mustang iliizidi Camaro kwa kiasi kinachokaribia bei ya pikipiki mpya mbili, na kwa mtu mwenye bajeti hiyo si tofauti ya kupuuza. Zote mbili zilionekana na usukani upande wa kulia. Hapo ndipo nilipomwomba anipe simu niitazame mwenyewe.

Kampuni ya General Motors, watengenezaji wa Chevrolet, haijawahi kutoa kiwandani Camaro yenye usukani wa kulia, tangu gari hilo lilipoingia sokoni mwaka 1966 hadi modeli yake ya mwisho ya 2024. Kati ya 2018 na 2020 kampuni ya Holden Special Vehicles ya Australia ilizibadilisha baadhi ya Camaro kwa ajili ya soko la nchi hiyo, na kazi ile ilifanywa kwa utaratibu wa kiwanda. Hiyo ni ya 2018 na kuendelea. Camaro ya 2016 yenye usukani wa kulia, au ya 2012, au ya 2010, ni gari ambalo mtu fulani, katika karakana fulani, alilifungua dashibodi yote na kuuhamisha usukani kutoka kushoto kwenda kulia. Mustang ina historia nyingine. Modeli iliyoanza na mwaka 2015 ndiyo Mustang ya kwanza ambayo Ford yenyewe iliitengeneza kwa pande zote mbili katika kiwanda chake cha Flat Rock, jimbo la Michigan, na zile za kulia zikapelekwa Uingereza, Afrika Kusini, Australia na kwingineko wanakoendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi. Kwa hiyo Mustang ya kulia iliyotengenezwa kabla ya modeli ya 2015 nayo imehamishwa, na mnunuzi aishuku vivyo hivyo.

Msomaji anaweza kuuliza kwamba usukani ni usukani, kuna ubaya gani ukihamishwa na fundi hodari? Ninaomba uvumilivu wake nieleze kwa kirefu, kwa sababu yapo niliyoyaona kwa macho yangu.

Mdogo wangu alinunua Camaro ya 2012, injini ya V6, kutoka yadi ambayo sitaitaja. Aliambiwa gari limetoka hivyo kiwandani. Mimi nilikuwa safarini Bukoba wakati huo, na niliporudi gari lilikuwa limeshapata kadi yenye jina lake. Lilimwendea vizuri kwa miezi saba. Siku moja, akiteremka mtaa wa Isamilo na mtoto wake akiwa kiti cha pembeni, alikanyaga breki akasikia mlio kama wa kijiti kinachovunjika, kisha pedali ikalegea hadi sakafuni. Gari lile lina hendibreki ya kuvuta kwa mkono. Aliivuta kwa nguvu zake zote, akalielekeza gari pembeni, likasimama bampa ikiwa imeegemea jiwe. Hakuna aliyeumia. Mtoto alilia mpaka walipofika nyumbani.

Nililivuta hadi gereji nikalala chini ya dashibodi na tochi. Busta ya breki, kile kifaa kinachoongezea nguvu mguu wa dereva anapokanyaga, ilikuwa imeachwa palepale ilipowekwa na kiwanda, upande wa kushoto, na pedali iliyokuwa kulia iliunganishwa nayo kwa chuma cha mviringo kilichopita nyuma ya dashibodi kutoka upande mmoja hadi mwingine. Chuma hicho kilishikwa na kipande cha bati nene kilichochomelewa, na mchomeleo ule ulikuwa na ufa wa zamani: nusu yake ilikuwa imejaa vumbi jeusi la grisi, maana yake ulikuwa umeanza kupasuka muda mrefu, na nusu nyingine ilimeta, ndiyo iliyokatika siku ile. Nilipofungua zaidi nikakuta usukani nao haukuhamishwa kwa kubadilishiwa reki, yaani mtambo unaogeuza magurudumu ya mbele. Waliiacha reki ya kushoto, wakafunga vyuma viwili vyenye meno, kimoja kulia na kimoja kushoto, na kuvifunga mnyororo kati yake, kama wa baiskeli lakini mnene zaidi. Mnyororo ulikuwa umelegea kiasi cha kuingiza kidole changu cha shahada. Nyaya zilikuwa zimeongezwa urefu kwa kusokotwa na kufungwa utepe, na taa ya kwenye dashibodi inayoonya kuhusu mifuko ya hewa ilikuwa imeondolewa kabisa, ili isiwake.

Ninaeleza haya kwa uchungu kwa sababu mdogo wangu hakuwa mzembe. Aliuliza swali sahihi akapewa jibu la uongo. Sisemi kwamba kila gari lililohamishwa liko hivyo. Wapo wanaoagiza reki mpya ya upande wa kulia, wanaohamisha busta, wanaotengeneza dashibodi kwa kalibu, na kazi yao hudumu. Lakini kazi ya namna hiyo ina gharama kubwa, na muuzaji aliyeigharamia huwa na risiti na picha za kila hatua, tena huzitoa kwa fahari bila kuombwa. Ikiwa picha hazipo, mnunuzi afungue boneti atazame busta ya breki iko upande gani. Ikiwa dereva anakaa kulia na busta iko kushoto, basi breki za gari hilo zinategemea chuma kilichopita nyuma ya dashibodi, na yeye hana njia ya kujua kilichomelewa na nani. Ukaguzi huo hauchukui hata dakika moja na hauhitaji fundi.

Nilikwenda na mpwa wangu kwenye yadi kuitazama ile nyekundu. Busta ilikuwa kushoto. Kijana wa yadi aliniambia kwa heshima kabisa, "Shikamoo mzee, hilo halina shida, yote yanakuja hivyo." Naamini hakuwa anadanganya, hakujua, na aliyemwajiri hakumwambia.

Ipo njia ya tatu ambayo baadhi ya vijana wanaiona ya mkato, nayo ni kununua Camaro isiyoguswa, yenye usukani wake wa kushoto. Kwa upande wa uimara wa gari nakubaliana nao, kwani kilichoachwa kama kiwanda kilivyokitengeneza ni salama kuliko kilichobadilishwa ovyo. Shida ni barabara zetu. Anayetoka Mwanza kwenda Musoma kupitia Magu, Lamadi na Bunda, au anayekwenda Shinyanga kupitia Misungwi, hutumia muda mwingi nyuma ya malori, na dereva aliyekaa kushoto hawezi kuona mbele ya lori mpaka gari lake zima liwe limeshatoka kwenye njia yake. Camaro nayo, hata Marekani kwenyewe, inalaumiwa kwa madirisha membamba na nguzo nene zinazoziba macho ya dereva. Kuna na taa: za gari la usukani wa kushoto zimetengenezwa kumulika zaidi ukingo wa kulia wa barabara, na kwetu huko ndiko anakotoka mwenzako, kwa hiyo usiku unampofusha kila unayepishana naye. Mtu anayeendesha mjini tu, kutoka Capri Point hadi Kirumba, anaweza kuvumilia. Mpwa wangu ana wateja wa samaki hadi Geita na Kahama.

Hapa niongeze jambo linalowachanganya wengi. Kwa kuwa magari yetu mengi yaliyotumika hutoka Japani, na Wajapani huendesha kushoto kama sisi, kijana akiona Mustang kwenye mnada wa Japani hudhani moja kwa moja kwamba ni ya usukani wa kulia. Ford ilifunga biashara yake Japani mwaka 2016, kabla Mustang za kulia hazijaanza kuuzwa rasmi huko, na kwa sababu hiyo Mustang nyingi utakazoziona katika minada ile ni za kushoto. Camaro zilizouzwa huko nazo ni za kushoto. Mustang ya kulia itafutwe Uingereza au Afrika Kusini.

Nirudi kwenye fedha, maana ndizo zinazoamua. Wengi huangalia bei ya gari kule liliko na kusahau kwamba umri wake ndio unaopandisha kodi. Kwa viwango ninavyovifahamu, gari la kutembelea linaloingia nchini hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25; juu yake unakuja ushuru wa bidhaa unaofuata ukubwa wa injini, asilimia 5 kwa injini inayozidi sentimita za ujazo 1,000 lakini isiyozidi 2,000 na asilimia 10 kwa inayozidi hapo; kisha ushuru wa uchakavu, ambao ni asilimia 15 kwa gari lililopita miaka 8 na asilimia 30 kwa lililopita miaka 10; na mwisho VAT ya asilimia 18 juu ya jumla yote. Chukua Mustang ya lita 2.3 ambayo haijafika miaka 8. Kwa kila shilingi 100 za thamani yake pale bandarini, kodi hizo zitakuwa kama shilingi 62. Chukua sasa Mustang ileile lakini ya 2015, ambayo imeshavuka miaka 10: kwa kila shilingi 100, kodi zitafika kama shilingi 106, bila kuhesabu tozo ndogo kama ile ya maendeleo ya reli.

Maana yake ni kwamba gari changa linaweza kuwa ghali kwa robo nzima huko linakotoka na bado likaingia Mwanza kwa jumla ileile ya gari kuukuu, huku mwenyewe akipata gari lililokimbia kilomita chache zaidi. Mpwa wangu alikuwa ameshapata na Mustang ya 2015 ya bei nafuu sana, akadhani ameokota dhahabu, tukapiga hesabu hiyo mezani kwangu kwa kalamu, akaifuta picha yake mwenyewe. Viwango hivi vinaweza kubadilishwa na Bunge kila mwaka wa fedha unapoanza mwezi Julai, na Mamlaka ya Mapato, TRA, hutumia thamani inayoitambua yenyewe, si ile iliyoandikwa kwenye risiti yako. Kikokotoo chake cha magari yaliyotumika kiko kwenye mtandao na ni bure. Mnunuzi akitumie kabla hajatuma hata senti moja.

Kwa haki niseme kwamba katika hesabu hiyo Camaro ya lita 2.0 ingeshinda kidogo kama ingekuwa na umri sawa na Mustang, kwa kuwa injini yake haizidi ujazo wa 2,000: kodi zingekuwa kama shilingi 55 badala ya 62. Tena Camaro ya kuanzia 2016 ni gari zuri mno kuliendesha. Imejengwa juu ya chasisi ya familia moja na Cadillac ATS, ni nyepesi kuliko iliyoitangulia, na katika kona inatulia kuliko Mustang. Nimeiendesha moja ya kushoto, ya mgeni aliyepita hapa, kutoka Buhongwa hadi Usagara, na sijaisahau. Kijana anayeipenda hakosei macho.

Ila gari la kuukuu hununuliwa pamoja na fundi wake na spea zake. Mwaka 2017 General Motors iliuza kwa Isuzu hisa zake katika kampuni ya kuunganisha magari ya Nairobi, na mwaka huohuo ikaondoka Afrika Kusini. Tangu hapo, mwenye Camaro katika ukanda huu anaagiza kila kitu kutoka Marekani au Uarabuni, na akikosea namba ya kipuri mwezi mzima umepotea. Mustang za kulia ziliuzwa Afrika Kusini na Ford wenyewe, kwa hiyo Johannesburg kuna vipuri. Na kuna jambo moja ambalo mafundi wa Kanda ya Ziwa watanielewa haraka: Ford Ranger. Tunazo mjini, tunazo migodini, na giaboksi ya otomatiki ya gia sita iliyo katika Ranger nyingi ni ya ukoo mmoja na ile ya Mustang ya 2015 hadi 2017, kama vile ile ya gia kumi ya Mustang ya 2018 na kuendelea ilivyo ya ukoo mmoja na ya Ranger Raptor. Sisemi kila kipande kitaingia. Nasema fundi ambaye ameshazifungua giaboksi hizo hatashangaa, na oili yake anaijua.

Giaboksi ya gia nane ya Camaro ya 2016 hatuna pa kuizoea. Ina tabia iliyolalamikiwa sana Marekani, ya gari kutetemeka likiwa mwendo wa kawaida, kama vile matairi yanapita juu ya mabati ya migongo, na dawa iliyotolewa na watengenezaji ni kumwaga oili yote ya giaboksi na kuweka ya aina nyingine. Atakayeijaribu Camaro aiendeshe dakika ishirini bila redio, kwa mwendo wa kilomita 50 hadi 80, akisikiliza kwa makalio yake kuliko masikio. Kwa zile za 2010 hadi 2014, aulize kama ufunguo wake umebadilishwa: mwaka 2014 zaidi ya magari 500,000 ya modeli hiyo yaliitwa kurekebishwa kwa sababu goti la dereva liliweza kuugonga ufunguo na kuzima injini gari likiwa barabarani.

Mustang nayo ina aibu zake na sitazificha. Boneti yake ni ya alumini, na rangi huvimba kwenye ukingo wa mbele kama mkate unaoumuka. Ukiona malengelenge pale, punguza bei. Gari lililoishi Uingereza limepita juu ya barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa baridi, kwa hiyo mnunuzi amlipe mtu alipige picha chini, kwenye mikono ya nyuma na bomba za breki, si picha za rangi na viti tu. Giaboksi ya gia kumi ililalamikiwa kwa kugonga inapobadilisha, hasa gia za chini gari likiwa bado baridi. Na mwaka 2017 wapimaji wa usalama wa Ulaya, Euro NCAP, waliipa nyota mbili kati ya tano, na baada ya Ford kufanya marekebisho ikapata tatu. Sehemu kubwa ya lawama ilikuwa ulinzi wa wanaokaa nyuma. Nilimwambia mpwa wangu waziwazi kwamba kiti cha nyuma cha gari lile ni cha kuweka begi. Watoto wataendelea kupanda Noah ya mama yao.

Kuhusu Mustang yenye injini ya V8, yaani ya silinda nane, ya lita 5.0, ambayo kila kijana huniuliza kwa sauti ya chini kana kwamba anaomba ruhusa, jibu langu ni fupi. Ni injini nzuri, sauti yake haina mfano, na kwa bajeti hii asiinunue. Vipimo vya Marekani vinaipa takribani kilomita 8 kwa lita wakati ya 2.3 inapewa 10 na nusu hivi, na hivyo ni vipimo vya barabara zao, visivyojua foleni ya Buzuruga saa kumi na moja jioni wala bei kikomo ya mafuta ya EWURA inayotoka kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Kuna na hewa yetu. Ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na mitaa yetu iko juu zaidi, na katika kimo hicho injini isiyo na tabo hupoteza takribani sehemu moja kati ya kumi ya nguvu iliyoandikwa kwenye karatasi zake, kwa sababu hewa ni nyepesi. Ya tabo hujisukumia hewa yenyewe, kwa hiyo haipotezi kiasi hicho. Hivyo tofauti unayoilipia V8 inapungua palepale unapoiwasha Mwanza.

Nililolipima kwa futi yangu ni nafasi iliyopo kati ya tumbo la gari na barabara. Mustang ya mteja wangu mmoja ilisoma sentimita 13 na nusu chini ya sehemu yake ya katikati, na tuta lililo karibu na gereji yangu, nililipima pia, lina 12. Gari linapita, lakini kwa pembe na polepole, na likiwa limebeba watu wawili tu. Rimu za inchi 19 na 20 zinapendeza picha. Kwa Mwanza zitafutwe za 18, zenye tairi nene kidogo ya pembeni, maana tairi pana za rimu kubwa sijaziona kwenye duka lolote hapa, na kila moja itatoka Dar es Salaam au Nairobi ikiwa na nauli yake.

Tulipomaliza hayo yote nilimtaka mpwa wangu agawe fedha zake kabla ya kuagiza. Nilimwambia atenge theluthi moja asiiguse: humo zitoke tairi nne, betri, oili zote, breki, bima kubwa ya mwaka wa kwanza, na kitakachobaki kikae kikisubiri lile ambalo hatujalijua bado, maana halikosi kuwapo. Theluthi mbili ndizo bei ya gari, pamoja na meli na kodi. Mustang ya 2019 haikuingia katika hesabu hiyo kwa kiasi kidogo. Akaamua kusubiri mavuno ya pili. Camaro nyekundu tuliiacha yadini, na alipotoka aligeuka kuitazama mara mbili.

Hilo ndilo jibu langu kwa wale vijana watano na kwa wengine wanaosoma barua hii: Mustang ya silinda nne, ya usukani wa kulia wa kiwandani, iliyo chini ya miaka 8, na kama fedha hazitoshi, subirini. Na ninayo maombi mawili.

La kwanza ni kwa wenye yadi wa Mwanza, ambao wengi wao tunafahamiana na tunasaidiana kazi kila siku. Gari ambalo usukani wake umehamishwa liandikwe hivyo kwenye kioo cha mbele, pamoja na jina la karakana iliyofanya kazi hiyo na mwaka ilipofanyika. Mnunuzi anayejua atapunguza bei, ndiyo, lakini hatarudi baada ya miezi saba akiwa amemshika mtoto mkono.

La pili ni kwako, Mhariri. Kurasa zako za matangazo zinataja modeli, mwaka, rangi, kilomita na namba ya simu. Naomba muongeze mstari mmoja ambao kila muuzaji wa gari atautolea jibu kabla tangazo lake halijachapishwa: usukani ni wa kiwandani au umehamishwa. Asiyejua aandike kwamba hajui. Ile Camaro nyekundu bado inatangazwa, na tangazo lake halisemi lolote kuhusu jambo hilo.

Wako,
Fundi wa magari,
Nyakato, Mwanza